Jina la Mtu Mmoja

"Jina la mtoto?" aliuliza karani wa vizazi.

"Renatus," baba mkwe alidakia kabla sijafungua mdomo.

Damu ilinichemka. Renatus ni mume wangu, na ilikuwa imepita miezi mitano tangu mafuriko yazoe lori lake darajani. Lori lilipatikana. Viatu vyake vilipatikana. Yeye hakupatikana. Na ukoo wa wakwe zangu una sheria moja isiyovunjwa: jina hilo hubebwa na mwanamume mmoja tu aliye hai. Kumpa mwanangu ilikuwa ni kumzika baba yake bila maiti.

"Usiandike kwanza, dada," nilimwambia karani.

Baba mkwe ni fundi mwashi mstaafu. Akishasimamisha neno lake, kulibomoa ni kazi. Hakunijibu mimi, alimgeukia karani.

"Ni jina la Kilatini hilo, binti yangu. Maana yake aliyezaliwa upya. Wakristo wa Roma ya kale walilipenda kwa sababu ya ubatizo: mtu akitoka majini, amezaliwa mara ya pili. Babu yangu, mtu mzima na ndevu zake, alipewa na padri. Alipofariki, akazaliwa kaka yangu, akalichukua. Kaka alipofariki, akazaliwa huyu wangu." Alikohoa. "Mmoja akilala, mwingine anaamka nalo."

"Na mwenye nalo hajalala!" nilisema.

"Asiyekuwapo na lake halipo," alijibu, macho ukutani.

Yalinichoma maneno yale. Nilimbana mtoto kifuani mpaka akalia. Karani, maskini, alikuwa na watu hadi mlangoni. Aligonga kalamu mezani akageuza fomu.

"Basi tuanzie huku. Baba wa mtoto yuko hai, au ni marehemu?"

Kulikuwa na visanduku viwili, kimoja juu ya kingine. Baba mkwe alifungua mdomo. Akaufunga. Mzee aliyesimulia kutoka Roma hadi kaburi la kaka yake bila kupumzika alishindwa kutamka neno moja. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

"Yuko hai," nilisema.

Karani akatia alama.

"Na mtoto mwandike Renatus."

"Haiwezekani!" Baba mkwe alipiga kaunta kwa kiganja. "Tangu enzi za babu hawajawahi kuwa wawili!"

"Leo wamekuwa wawili, Baba. Jina nimekupa. Mume wangu sikupi."

Kalamu ya karani ilibaki hewani. Mzee alinikazia macho, kisha akamtazama mjukuu wake aliyekuwa bado analia. Nilijiandaa kwa laana. Badala yake aliinama karibu na sikio langu, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa:

"Sasa akirudi, nikiita Renatus pale nyumbani, ataitika nani?"