Keki ya Noela

…ipo tayari, kijana wa dirishani amesema leseni yako ipo tayari, dada Noela, naye akacheka kwa furaha, tayari, yaani imeshachapishwa, kesho ampelekee Mzee Magesa wa chama cha pamba kule Mhunze, akabidhiwe ile ndege nyuki, droni ya kupulizia dawa kabla hawajamwita rubani wa Mwanza, miaka tisa amebeba bomba la dawa mgongoni mpaka mabega yameota sugu, sasa basi, atasimama kivulini abonyeze vitufe… kumbe kijana hakuwa na maana hiyo. "Ipo tayari toka mwaka juzi," anasema, "jina hili hili, tarehe ya kuzaliwa hii hii, namba ya cheti cha kidato cha nne hii hii, sasa unaombaje nyingine?" na ameigeuza kompyuta, na kwenye kioo yuko Loveness. Mdogo wake. Loveness na kizibao cha njano, nywele zimesukwa vizuri, chini ya kidevu pameandikwa Noela Bujiku, na feni inazunguka tu, kwenye foleni mtu anakohoa, "Dada, huyu ni wewe?"… cheti, ndiyo, alimwazima cheti, nyumba nzima kwao Songwa ilijua, Loveness alipata sifuri akalia siku tatu bila kula, mama akasema, "Mpe mdogo wako, mayu, wewe si umeshaolewa," naye akatoa, kwa mikono miwili akatoa, na Loveness akapiga goti, wabeja dada, asante sana, ni kwa ajili ya chuo tu, nikipata kazi narudi kwenye jina langu, na kweli cheti alikirudisha, tena amekitia plastiki kisiingie maji… plastiki, mshenzi wewe… na kazi akapata, Geita, kupima mashimo ya dhahabu kwa ndege nyuki, na Noela alidhani huko wanamwita Loveness, wangemwita nani tena… "Dada?"… na mwezi wa kumi alipompigia simu kumwambia nasomea leseni, sauti ya Loveness ikalainika, "Achana nayo, dada, mtihani wake mgumu, na ile dawa itakuharibu macho," naye akakata simu moyo mweupe, jamani, mdogo wangu anayaonea huruma macho yangu… akisema huyu ni mdogo wangu, Loveness atafukuzwa kazi, pengine na polisi juu, na mama atasema umemfunga mwenzako, akisema ndiyo, ni mimi, leseni itabaki Geita na yeye atarudi kwenye bomba, si alishalizoea, kasamehe mangapi, atasamehe na hili, ni jina tu… halafu ikamjia keki. Desemba iliyopita, tarehe ishirini na tatu, siku mbili kabla ya Krismasi, ndiyo maana akaitwa Noela, na kwenye status ya Loveness keki nyeupe ya ghorofa mbili, watu wa kazini wanapiga makofi, na juu yake kwa maandishi mekundu, Heri ya Kuzaliwa Noela. Alilia. Palizini, mbele ya wanawake wenzake, alilia, akazungusha simu kila mtu aone, mdogo wangu yuko mbali lakini kanikumbuka, akamwandikia, mmenibakizia hata kipande? na Loveness akajibu kwa vikatuni vya kucheka, imeisha yote dada… imeisha yote. Walikuwa wanamwimbia mtu aliyesimama pale pale, anayezima mishumaa yake mwenyewe, na yeye shambani anaibusu simu kama mjinga, na hilo, Mungu wangu, hilo linauma kuliko leseni, cheti alikitoa yeye, lakini siku aliyozaliwa hakumpa mtu… "Dada, angalia foleni hiyo," kijana anasema, kidole bado kiko kwenye kioo, "ni wewe au siyo wewe?" na Noela anautazama ule uso aliokuwa akiubeba mgongoni kabla hajabeba bomba, na jibu ni neno moja tu, hapana, na tangu Loveness azaliwe hajawahi kumwambia neno hilo, hajui hata mdomo unakaaje ukilisema, feni inazunguka, yule wa nyuma anakohoa tena, na Noela anavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyewashiwa mishumaa…