Mwenye Mikono Iliyolowa

Jumamosi, saa nane na robo mchana, daktari wa meno alimchoma mgonjwa wake wa mwisho sindano ya ganzi, akamwambia akasubiri nje mpaka shavu life. Mgonjwa, muuza viatu wa makamo, alitoka akiwa ameshika taya, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya bango lililoonyesha gego lililokatwa katikati. Daktari alivua glavu, akavua koti jeupe, akalitundika, kisha akafungua mlango wa mbele, kwa sababu wenzake walikuwa wafike saa nane na nusu.

Nyumba ile ilikuwa na mwaka wa tisa tangu iwe kliniki. Zamani ilikuwa nyumba ya kupanga, na daktari mwenyewe alikaa humo ujanani kwa miaka mitano, yeye na wenzake watatu. Wanne hao walikuwa na bendi ya muziki wa roki. Alipokuja kuinunua ukubwani, aliwaambia watu kuwa amependa nafasi ya kuegesha magari. Sebule aliifanya chumba cha kusubiria, na jiko likawa chumba cha kuoshea vifaa, maana sinki lilikuwepo tayari.

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari, aliyekuwa mwimbaji wao. Siku hizi sauti ile aliitumia mstarini asubuhi, kuwaambia wanafunzi wachomekee mashati. Nyuma yake aliingia mpima ardhi, aliyepiga gitaa la solo, tumbo likiwa limemtangulia. Wa mwisho alikuwa fundi wa miwani, mwanamke pekee kati yao. Yeye alipiga ngoma, na nyumbani humo walimwita Vijiti. Vijiti vyenyewe alikuwa amekuja navyo mkobani.

Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu. Bendi ilikuwa na wimbo mmoja mrefu waliofungia kila sherehe, na katika miaka yote mitano hakuwahi kuupiga mpaka mwisho. Kila ulipofika ubeti wa tatu vikombe viliisha, akaitwa jikoni, wenzake wakaumalizia bila ngoma. Huko jikoni maji ya bomba yalimziba masikio, kwa hiyo hata kuusikia unavyoisha hakuusikia. Wiki iliyopita daktari alimpigia simu. "Njoo, Vijiti," alimwambia. "Safari hii unaupiga mpaka mwisho. Mimi ndiye nasema." Fundi wa miwani akafunga duka mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya mdogo wake.

Walikaa kwenye viti vya plastiki, magoti yakigusana. Mgonjwa aliwasalimia kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mnalikumbuka lile kochi?" akasema mpima ardhi.

Mlango ukagongwa. Lilikuwa kochi. Liliingia kwa ubavu, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba, na mguu wake wa nyuma ulikuwa bado ni tofali. Mgonjwa alivuta miguu lipite.

"Nalo lina miadi?" aliuliza.

"Hapana," daktari akamtuliza. "Hilo ni la kwetu."

Wakahamia kwenye kochi. Lilikuwa laini kuliko viti, na kumbukumbu zikaja kwa urahisi zaidi. Mwalimu mkuu alikumbuka magitaa, yakaja. Daktari alikumbuka spika kubwa iliyokuwa ikimtetemesha fundi wa saa wa nyumba ya pili, nayo ikaja, na fundi wa saa mwenyewe akaja nyuma yake, kulalamika kuhusu kelele. Alilalamika kidogo, kama alivyokuwa akilalamika siku zile, halafu akauliza kama kuna kinywaji, akabaki. Walikuja wasichana wenye mikanda mipana na vijana wenye nywele za kufika mabegani. Walikuja watu ambao hakuna aliyewahi kujua walialikwa na nani. Daktari alisimama mlangoni akiwaomba wasiguse mashine. Wawili walikwishapanda kiti cha matibabu na walikuwa wanajishusha na kujipandisha.

Mwisho waliingia wao wenyewe, wakiwa na miaka ishirini na kitu. Mwimbaji wa zamani alikuwa mwembamba kama uzi, amevaa fulana iliyochanika kwa makusudi. Alimwangalia mwalimu mkuu kuanzia viatu.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni wewe."

"Sawa. Una sigara?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Utaona. Chomekea hiyo fulana."

Wageni walikula na kunywa. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale watatu aliyekumbuka sahani zilikuwa zikipelekwa wapi baada ya hapo, lakini sahani zenyewe zilikumbuka, zikaenda jikoni.

Ngoma zilikuwa zimeingia kwa mafungu, kubwa kwanza, zikajipanga kwenye kona chini ya ratiba ya kliniki. Kiti cha mpigaji kilikuwa kitupu. Fundi wa miwani alikitazama kwa muda.

"Na mimi je?" akauliza. "Mbona nyote mmekuja, mimi sijaja?"

Wanaume wakatazamana. Ilikuwa kweli.

"Ngoja," daktari akasema, akafumba macho. "Ulikuwa na nywele."

"Nilikuwa nazo."

"Na gauni. Lile la... la madoa."

Jikoni bomba likafunguliwa. Walikwenda wote wanne kuangalia. Mbele ya sinki, katikati ya sahani zilizofika kiunoni, alisimama msichana mwenye gauni la madoa, amewapa mgongo, anasugua sufuria. Fundi wa miwani alizunguka ili amwone uso. Upande wa pili nao ulikuwa mgongo. Mpima ardhi, ambaye hakupenda kutoa kauli bila kuhakikisha, alijipenyeza kati ya sinki na kabati ya dawa, akachungulia kutoka kila pembe, akarudi akijipangusa maji.

"Pande zote nne, mgongo," alisema.

"Lakini umekaa vizuri," mwalimu mkuu akasema. "Wima kabisa."

Jambo hili lilikuwa na historia yake. Mwanzoni vyombo vilioshwa kwa zamu, na zamu ziliandikwa kwenye karatasi ukutani, lakini zilileta ugomvi. Ndipo mwalimu mkuu, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo, alipoitisha kikao na kutoa hoja kwamba vyombo vioshwe na yule ambaye mikono yake imekwisha kulowa. Ya nini kulowesha watu wawili? Ilionekana ni hoja ya mtu aliyesoma. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ilinyooshwa minne, mmoja ukichuruzika povu, kwa sababu fundi wa miwani aliitwa kikaoni akitokea sinkini. Tangu hapo sheria haikubadilishwa, na mikono yake haikupata nafasi ya kukauka.

"Jamani, nikumbukeni uso," fundi wa miwani akasema. "Hata mara moja. Nimekaa na nyinyi miaka mitano."

Walijaribu kwa moyo wote. Daktari alikunja paji la uso, mpima ardhi akashika ukuta. Ikatokea sufuria nyingine, yenye ukoko.

"Samahani," akasema daktari. "Hiyo ni yangu."

Fundi wa miwani alimgusa msichana begani. "Mdogo wangu, njoo ukapige. Wanakungoja."

"Namalizia hivi," akajibu msichana bila kugeuka.

Jibu hilo fundi wa miwani alilifahamu. Hakubishana nalo. Alirudi sebuleni, akakaa kwenye kiti cha ngoma, akakishusha kidogo, akatoa vijiti. "Basi napiga mimi," alisema. "Ule mrefu."

Wakaanza. Wale vijana waliwapisha wazee wao, si kwa heshima, bali kwa kuwa walikuwa na shughuli na wale wasichana wa mikanda. Mpima ardhi alikosea nyuzi mbili za mwanzo, kisha vidole vikakumbuka. Daktari alipiga besi huku akitupia jicho mashine yake. Mwalimu mkuu aliimba ubeti wa kwanza kwa sauti ya mstarini na wa pili kwa sauti yake. Nyuma yao ngoma zilikwenda sawasawa, hazikuharakisha wala kuchelewa, kama mtu anayejua njia lakini hajawahi kufika mwisho wake. Fundi wa saa alicheza na kabati la mafaili.

Kwa furaha ile mpima ardhi hakuacha kukumbuka watu, na kila aliyemkumbuka aliingia akitaka kikombe. Kwenye ubeti wa tatu vikombe viliisha.

"Wenye nyumba," mgeni mmoja akaita, "tunywee viganjani?"

Mwalimu mkuu aliacha kuimba kwanza. Mpima ardhi akafuata. Daktari akalegeza nyuzi. Fundi wa miwani hakuacha.

"Yule jikoni amezidiwa," mwalimu mkuu akasema. "Mmoja wetu akamsaidie." Akatazama mikono yake. Ilikuwa mikavu. Mpima ardhi alionyesha yake, mikavu pia, na ya daktari ilikuwa hata na poda ya glavu. Ndipo wote watatu walipogeuka kuelekea kwenye ngoma. Viganja vya fundi wa miwani viling'aa.

"Vijiti," mwalimu mkuu akasema kwa upole, kama anayemsomea mtoto matokeo mabaya. "Mikono yako imelowa."

"Ni jasho," akajibu akiendelea kupiga.

"Sheria haikutaja ni maji ya nini."

"Hilo kweli," mpima ardhi akasema. "Haikutaja."

"Daktari, ulinipigia simu," fundi wa miwani akasema.

Daktari alijikuna shingo. "Nilikupigia. Na niliahidi, sikatai. Ila sheria ni ya sote, dada yangu. Hata wewe uliinyooshea mkono."

Fundi wa miwani aliinamisha kichwa, akaendelea kupiga. Walimngoja kidogo, wakaona hainuki, wakaenda wao kutafuta vikombe chini ya kochi na nyuma ya mapazia, wakiulizana kwa sauti ni nani sasa ataviosha. Wageni wakawafuata. Sebuleni alibaki yeye na mgonjwa mwenye ganzi. Ubeti wa tatu ukapita. Ukaja wa nne, ambao hakuwahi kuufikia, naye aliupiga kwa kukisia, akijaribu huku na huku kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba ya ugenini. Alipoona wimbo hauna pa kwenda tena, alipiga pigo moja, akakamata ile sahani ya shaba ya kwenye ngoma kwa vidole ikanyamaza.

"Umeisha?" mgonjwa akauliza kwa upande wa mdomo uliokuwa hai.

"Umeisha."

"Mzuri. Wale walipoondoka ndipo ukasikika."

Mwalimu mkuu alirudi na kikombe kimoja, chenye kitako cha sigara ndani. "Usijali, Vijiti, tutaumalizia siku nyingine."

"Nimeshaumaliza."

"Bila sisi?"

"Bila nyinyi."

Mwalimu mkuu alilifikiria hilo kwa haki. "Basi hautahesabika," akasema.

Fundi wa miwani alikwenda jikoni. Sahani zilikuwa zimekaribia dari. Alisimama kando ya msichana, bega kwa bega, wote wawili wakitazama bomba.

"Ule wimbo," alisema, "nimeujua unavyoisha."

"Unaishaje?"

Alimpigia mwisho wake kwa vidole, ukingoni mwa sinki. Msichana aliacha kusugua akasikiliza.

"Kumbe unakatika tu," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani unazimika polepole."

"Unakatika."

"Afadhali. Nisogezee hiyo sufuria."

Akamsogezea. "Twende kwangu," akamwambia. "Naishi peke yangu. Nina sahani mbili, na moja siitumii."

"Namalizia hivi, halafu nakuja."

Fundi wa miwani alisubiri. Alisubiri mpaka daktari alipomaliza kumng'oa mgonjwa jino, mpaka wageni walipoanza kuondoka mmoja mmoja kwa kukosa mtu wa kuendelea kuwakumbuka. Kisha akafuta mikono yake kwenye sketi, kidole kwa kidole, hadi ikakauka kabisa, akaaga, akaenda zake.

Jumatatu daktari alipofungua kliniki, alikuta kochi limebaki, na wagonjwa walilipenda. Jikoni msichana alikuwa amemaliza sahani zote na amesimama akiwa ameshika ukingo wa sinki, mgongo umeelekea mlango na pia umeelekea dirisha. Daktari aliona si vizuri kumwacha hivyo. Akampelekea trei ya koleo na vioo vya kuchungulia meno. Vilirudi vinang'aa kuliko vilivyowahi kung'aa. Kufika Jumatano, mhudumu aliyekuwa akiosha vifaa alikuwa amehamishiwa kwenye kupokea simu.

Simu ya kwanza aliyoipokea ilikuwa ya fundi wa miwani. Akamwita daktari.

"Hajambo?" fundi wa miwani akauliza.

"Hajambo kabisa. Mtu wa kazi kwelikweli. Hachoki, halalamiki."

"Mwambie apumzike, aje."

"Nimemwambia. Anasema anamalizia."

"Si wewe unampelekea vingine?"

"Nampelekea," daktari akakiri. "Ila kidogo kidogo."

Alasiri ile muuza viatu alirudi kuonyesha kidonda. Akiwa amelala kwenye kiti cha matibabu, aliuona mgongo kupitia mlango uliokuwa wazi, akauliza msaidizi yule mpya anaitwa nani. Daktari alifikiri kidogo. Akasema ni mtu wao wa siku nyingi, wa humu humu ndani, kisha akamwomba afungue mdomo.