Chumba Kisichokuwa Kwenye Ramani

Asubuhi ya Jumatatu, wiki ya pili ya Novemba mwaka 1996, fundi Swaleh alivuta futi yake kutoka kona ya veranda hadi kona ya mashariki ya nyumba ya Bibi Bernadetha, Kibosho, akaandika kipimo kwenye kiganja kwa penseli. Akapima tena. Nyumba ilikuwa imeongezeka futi tisa tangu Jumamosi.

"Dada Zita," akaita, "jana nani alikuwa anajenga huku?"

Zita, binti wa Bibi Bernadetha, alikuwa anawakatia ng'ombe migomba. Akaja na panga lake mkononi, akautazama ukuta. Ulikuwa umevimba kama mbuzi aliyekaribia kuzaa, na lipu ya zamani ilikuwa imetanuka nao bila kupata hata ufa.

"Hakuna mtu, fundi. Ila Ijumaa ukuta ulikuwa umeshaanza kuvimba."

Nyumba hiyo aliijenga mume wa Bibi Bernadetha, marehemu mzee Sirili, mwaka 1957, kahawa ilipokuwa kahawa. Kuta za mawe ya mtoni, bati nene la enzi za Mwingereza, sebule moja na vyumba viwili. Ilitosha kwa miaka arobaini kasoro. Kisha Hosea, mtoto wa kwanza, aliyekuwa akileta majokofu kutoka Dubai na kuyauza Dar es Salaam, akaamua nyumba ya baba iwe ya kisasa kabla ya Krismasi. Ramani ilikuja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Sebule inasogezwa mbele, jiko linaingia ndani, na vinaongezwa vyumba vitatu vya kulala, kila kimoja na bafu lake: cha Hosea, na vya wadogo zake wa kiume, Jacob na Primus. Vingelaliwa siku kumi kwa mwaka.

Zita alijitafuta kwenye ile ramani. Mahali alipokuwa analala, kando ya magunia ya kahawa, palikuwa pameandikwa "stoo".

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alirudi kutoka kwenye ndoa yake Sanya Juu miaka kumi na mmoja iliyopita, na sanduku moja la bati, na tangu siku hiyo alichuma kahawa, akakamua ng'ombe, akamwogesha mama yake, na Primus akamaliza shule kwa ndizi zake. Hakutaka makubwa. Alitaka chumba chenye mlango na ufunguo, aweze kuvua viatu bila mtu kuingia kutafuta chumvi. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Labda aliwahi kuuambia ukuta, maana kichwa cha kitanda chake kiliugusa ule wa mashariki.

Alishuka Moshi mjini kumpigia Hosea simu kuhusu chumba kilichoota upande wa mashariki.

"Kiko kwenye ramani?" Hosea akauliza.

"Hakiko, kaka."

"Basi kibomolewe."

Swaleh akakibomoa. Alhamisi kikarudi, safari hii kina dirisha. Akakibomoa. Jumatatu kikarudi na dirisha na dari. Swaleh alisema wazi kwamba katika miaka ishirini ya ufundi, kuanzia Soweto ya Moshi mjini alikozaliwa mpaka huku mlimani, hajawahi kuaibishwa hivi kazini: kona zilikuwa zimenyooka, na ukiweka pima maji, povu linakaa katikati na kutulia. Alikibomoa kwa masikitiko, akayatumia mawe yake kwenye msingi wa bafu la Jacob. Kesho yake chumba kilikuwa kimerudi, kina mlango wenye kitasa na ufunguo, na bafu la Jacob lilikuwa limekaa hewani, futi moja juu ya ardhi.

"Tukiendelea hivi," Swaleh akasema, "kaka yako Jacob ataoga kwa ngazi."

Wakakiacha. Bibi Bernadetha, aliyekuwa akiota jua kwenye veranda, hakuona la kushangaza. "Baba yenu naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Ukimwambia hapana, anaongeza."

Zita aliusubiri mchana, fundi alipokwenda kula, akauzungusha ufunguo. Ndani mlikuwa na nafasi ya kitanda kimoja na mtu mmoja. Msumari wa kutundikia kanga ulikuwa pale pale mkono wake ulipofika. Alisimama katikati akalia kwa furaha, kisha akatoka, maana ng'ombe walikuwa wanasubiri maji. Hakuhamia. Binti aliyerudi nyumbani hajichukulii chumba katika nyumba ya baba yake; husubiri kaka zake waseme. Akasubiri waseme.

Krismasi magari yakapanda mlima, na kaka wote watatu wakafika na wake, watoto na mabegi. Hosea alikikagua kile chumba, akasema kwa kazi isiyo na ramani si kibaya, akajilaza sakafuni akipime. Miguu yake ikapenya ukuta ikatokea nje hadi magotini, na kuku akamdonoa kidole. "Kifupi," akasema, akajivuta ndani. Jacob hakupita mlangoni kwa sababu ya tumbo. Primus aliingia mara tatu, na kila mara akajikuta yuko nje kwenye migomba. Zita akaingia na ndoo na ufagio, akafagia, akatoka.

Wote waliona. Hakuna aliyesema.

Tarehe ishirini na saba kikaitishwa kikao cha ukoo uani. Baba mdogo Ndelilio alikaa kwenye kiti cha mikono, pombe ya mbege ikazungushwa kwa kata, na Swaleh, aliyeitwa kutoa maelezo, akapewa soda.

"Fundi, mlikibomoa mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

"Kiliwakosea nini?"

"Hakikuwa kwenye ramani."

Mzee Ndelilio alikunywa, akafuta midomo. "Hosea, katika nyumba hii kuna aliyekosewa. Amevumilia muda mrefu, na ninyi mnapita mbele yake kila siku."

Zita alikuwa amesimama na kata. Ikainama, mbege ikamwagikia kiatu cha Jacob. Bibi Bernadetha aliinua macho akamtazama binti yake, kisha akayarudisha chini.

"Ni kweli, baba mdogo," Hosea akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejuta kweli. "Tumekosa."

"Basi liletwe isale."

Isale ni jani la mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea akaomba msamaha, na anayepelekewa hawezi kukataa. Aliyetumwa kulikata alikuwa Zita. Alichagua la kijani kibichi lisilo na doa, akalifunga fundo mwenyewe, akamkabidhi Hosea kwa mikono miwili. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima, tayari kupokea.

Hosea akampita. Jacob na Primus wakamfuata. Wote watatu wakapiga magoti mbele ya ukuta wa mashariki.

"Ukuta wa baba yetu," Hosea akasema, "tulikubomoa mara tatu. Utusamehe."

Akalichomeka isale juu ya mlango. Ukuta ukashusha pumzi, ukasamehe. Wanawake wakapiga vigelegele, na Zita akapiga pamoja nao, kwa kuwa ndivyo inavyofanyika. Ilimuuma sana.

Lililobaki lilikuwa dogo. Nyumba ya baba ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo chumba ni cha Primus, na Primus alikuwa na jenereta jipya lisilo na pa kukaa. Jenereta lilikuwa pana kuliko mlango. Lakini chumba kilikuwa kimeshasamehe, kikajitanua.

Tarehe tatu Januari magari yakashuka. Funguo za vyumba vitatu zikaenda Dar es Salaam. Wa nne Hosea alimpa Zita.

"Wewe ndiye wa hapa, dada," akamwambia kwa upole. "Utakuwa unafagia."

Kwa hiyo Zita akawa na ufunguo. Kila Jumamosi alifungua, akafuta mafuta sakafuni, akafagia, akafunga. Jumamosi moja ya Machi alikuta isale limekauka na kuanguka mlangoni. Aliliokota. Isale lililokwisha kupokelewa halitupwi, na hili halikuwa lake. Akalirudisha juu ya mlango, akafunga, akaenda stoo kuvua viatu.

Mama yake alikuwa humo, anatafuta chumvi.