Paa la Kuwambwa

Kwenye karakana ya Mama Blessing, pale Mpemba, turubai halikatwi kwa kipimo peke yake. Chaki ikishapita, unalaza kiganja pembeni ya mstari, unaongeza upana wake, ndipo unakata. "Turubai likipungua, mzigo umelowa," Mama Blessing husema, na madereva wanaopanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde wanaijua kazi yake. Mimi alinipokea nikitoka kijijini Msangano, sijui hata kushika mkasi mkubwa, na jambo la kwanza alilonifundisha ni hilo la kiganja.

Kisha akaja dada Lusungu na kitambaa chake cheupe.

Lusungu ni mtu wa Mbebe, kule juu Ileje, amesomea kuchora majengo. Akina mama wauza nyanya wa kando ya barabara kuu walimwomba kivuli, naye akawaahidi paa la kitambaa: nguzo nne, mbili ndefu na mbili fupi, bila mbao wala bati. Kitambaa kiliagizwa mbali, kikaja jora moja tu. Kikiharibika, hakuna kingine.

Siku hiyo aliweka kompyuta juu ya meza ya kukatia. Mama Blessing alitupa jicho akaenda kumsikiliza mteja. Mimi nilibaki nyuma ya bega la Lusungu, nikijifanya nafagia.

Kwenye kioo kulikuwa na wavu umelala bapa, kama chandarua kilichotandikwa sakafuni. Lusungu akaipandisha pembe moja, kisha ile inayotazamana nayo. Akabonyeza, na ule wavu ukaanza kwenda wenyewe. Ulitetemeka, ukajivuta huku, ukajirudi kule, mwishowe ukatulia. Umbo lililobaki sikuwahi kuliona kwenye nyumba yoyote. Ukilifuata kutoka nguzo ndefu hadi nguzo ndefu, lilibonyea kama bonde. Ukilifuata kutoka fupi hadi fupi, lilivimba kama kilima. Bonde na kilima, mahali pamoja.

Ufagio niliusahau. "Umelichora saa ngapi?" niliuliza. Sauti ilitoka ndogo mpaka akageuka kunitafuta.

"Sijalichora. Nimesema tu pembe ziko wapi, na kitambaa kivutwe kwa nguvu gani. Umbo kimelitafuta chenyewe."

"Na ukitaka liwe vingine?"

"Nahamisha pembe. Linatafuta upya."

Akahamisha, likatafuta upya. Siku zote nilidhani kompyuta inaambiwa. Hii ilikuwa inaulizwa, nayo inafikiri kidogo, kisha inajibu.

Hapo ndipo nilipoziona kingo. Kati ya pembe na pembe hazikwenda moja kwa moja, zilipinda kuingia ndani.

"Baba huwamba ngozi hivi," nikasema.

Baba yangu, mzee Jilala, akichinja ng'ombe huitandaza ngozi juani na kuipigilia vigingi. Kati ya kigingi na kigingi ukingo huingia ndani kama umeumwa. Hakuna aliyeukata hivyo. Ni kule kuvutwa.

Lusungu aliinua uso. "Na ngozi kabla hamjaivuta, inafika kwenye kigingi?"

"Haifiki. Unaivuta mpaka ifike."

"Basi na hiki ni hivyo hivyo. Kompyuta imeshakipunguza. Msiongeze kitu."

Akalifungua lile umbo pale kwenye kioo kama mtu anavyomenya chungwa, likawa vipande virefu vilivyolala bapa, kila kimoja chembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Akavichapisha kwenye karatasi, duka la mabango, kwa ukubwa wake halisi, akatuachia, akaenda Mbeya kufuata nyaya za chuma.

Mama Blessing aliitandaza ile karatasi ya kwanza juu ya kitambaa, akaizunguka. "Ongeza kiganja kila upande."

"Dada amesema tusiongeze, mama."

"Dada yuko Mbeya. Wewe na kompyuta mmeanza lini kuongea?"

"Wiki hii," alisema Mika, anayeunga turubai kwa mashine ya hewa ya moto. "Sisi wengine hata salamu hatupewi tena."

Mama Blessing hakucheka. "Kitambaa ni cha watu, jina linaloharibika ni langu. Kikipungua, Nyanzobe, unarudi Msangano ukawambe ngozi." Akavuka kwenda Nakonde kutafuta pete za chuma za kufungia turubai.

Kiganja changu kililala chenyewe pembeni ya mstari. Nilikitazama. Kurudi Msangano kulikuwa kurudi kuolewa, na hilo Mama Blessing alilijua. Lakini ule wavu ulikuwa bado unatembea kichwani mwangu, ukitafuta mahali pa kutulia. Nikiuongezea kiganja, utatulia wapi? Utaning'inia, utajaa maji, upepo utaupigapiga mpaka uchanike.

"We ongeza tu," Mika alinong'ona. "Anayekulisha ni yeye."

Nikaondoa mkono, nikakata juu ya mstari.

Siku ya kulipandisha, akina mama waliacha meza zao wakaja kutazama. Kitambaa kilikuwa kimeshaungwa, nyaya zimepita kwenye kingo. Kikatundikwa pembe zote nne, lakini hakikufika nguzoni. Kwenye kila nguzo palibaki pengo, na pengo lenyewe lilikuwa kama kiganja.

Mama Blessing alilitazama pengo, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. "Kafunge nguo zako."

"Mama, subiri kidogo," Lusungu alisema akiwa juu ya ngazi.

"Nisubiri nini, mwanangu? Kimepungua."

"Hakijavutwa."

Kila pembe ilikuwa imeshikwa nguzoni kwa skrubu ndefu ya kukazia. Lusungu na Mika walizunguka na spana, hapa kidogo, pale kidogo. Mwanzoni kitambaa kilikunjamana kama sketi iliyolaliwa. Kisha mikunjo ikaanza kukimbia. Niliiona ikitoka katikati, ikienda ukingoni, ikipotea. Nyaya zikaanza kuvuma. Mapengo yakafunga, moja, jingine, jingine.

Mika alipofika nguzo ya mwisho, Mama Blessing alimpokonya spana, akanipa mimi. "Aliyekata amalize. Tuone."

Nilipanda ngazi. Nilipozungusha, spana ilinivuta mkono. Halikuwa pengo langu peke yake lililokuwa likivuta. Nguzo zile tatu zilikuwa zinanijibu, paa zima limeshikana kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikazungusha tena. Pini ya pembe ikaingia kwenye tundu la nguzo.

Nilishuka, nikarudi nyuma kulitazama paa. Lilikuwa limesimama pale, juu ya vumbi la Mpemba: bonde na kilima, bila mkunjo. Lori kubwa lilipita kasi, vumbi likatupiga machoni, kitambaa hakikutikisika.

"Nani amekata hiki?" mama mmoja aliuliza.

"Huyu," alisema Mama Blessing. "Yuko kwangu."

"Si ameambiwa akafunge nguo?" Mika akauliza.

"Mika, nyamaza."

Walinigeukia wote. Nikainua uso juu. Jua lilikuwa linapenya kwenye ule weupe, likishuka polepole juu yetu, na chini yake yule mama alikuwa tayari ameanza kupanga nyanya zake.