Unga wa Bangili

"Wallahi hiyo ni sauti yako, Gollo! Hata hicho kikohozi ni chako!"

Akiru, jirani, ndiye alipiga hiyo kelele, birika la chai bado mkononi. Gollo mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya redio kwa kiti alichokuja nacho kutoka kwake. Akategea sikio, akatikisa kichwa kukubali. Ni yake. Ilikuwa saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari, mwaka wa themanini na moja, kwa ua wa Abiba hapo Wabera, mtaa wa Isiolo, na redio haikuwa inasoma taarifa.

Mambo yalianza asubuhi. Kabale, binti ya Abiba, alikuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ufundi Nairobi, kichwa kimejaa habari mpaka hawezi kumeza ugali bila kuongea. Alifungua redio ya marehemu babake, ambayo ilikuwa imenyamaza miaka sita, akaona shida hapo hapo. Laini moja ya shaba kwenye bodi ilikuwa na ufa, mdogo kama unywele. Chuoni wangeichoma na waya wa risasi, ule wa kulehemu, lakini nyumbani hakuna stima.

"Kuna rangi ingine mwalimu alituonyesha, Mama. Iko na unga wa fedha ndani. Unapaka kwa ufa, inakauka, moto wa betri unapita juu yake kama daraja!"

"Na inauzwa wapi?"

"Isiolo hii? Haiuzwi. Tutatengeneza. Gundi ya mgunga iko. Leta mkono."

Abiba akaleta. Bangili yake ya harusi, ya fedha, haikuwahi kutoka. Hata wakati wa eda wanawake walijaribu na sabuni, ikakataa, wakaiacha. Kabale akaipiga tupa pale pale mkononi, unga ukaanguka kwa sahani, akaukoroga na gundi, akapaka ufa kwa unyoya wa kuku. Ikakauka juani. Redio ikawaka, ikaanza kusema yale bangili ilisikia.

"Shemeji, weka kidole hapa," Gollo alisema ndani ya redio. "Ni karatasi ya mazishi tu."

Abiba akasikika akilia. Kisanduku cha wino kikafunguliwa. Halafu Gollo tena, pole pole, akiongea na mtu mwingine: "Andika, karani. Kuanzia leo hii ploti ni yangu."

Kabale alishtuka mpaka bisibisi ikamponyoka. Redio haikumshtua, fedha inapitisha, hiyo walifundishwa. Kilichomshtua ni ile miaka sita. Miaka sita Gollo aliwaambia ati ndugu yake alimuuzia ploti kabla ya kufa, na Idi baada ya Idi Abiba akampelekea maziwa ya shukrani kwa kuwaachia mahali pa kulala. Sasa Gollo anataka kujenga duka, amewaambia watoke kabla ya swala ya Ijumaa. Na hii ilikuwa Jumatatu.

Kabale alikimbia Wabera yote, mtandio shingoni, akiita watu. Saa saba ua ukajaa, redio ikarudia neno kwa neno.

"Gollo, ulisema hayo?" mzee Denge aliuliza.

"Nilisema."

"Siku ya mazishi!" Akiru alisema. "Kaburi bado bichi! Wewe ni mtu ama ni fisi?"

Wanawake walishika midomo. Mmoja alikaa chini bila kuangalia mahali anakaa. Gollo akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

"Hapa kuna muhuri. Hiyo redio iko na muhuri?"

Denge akainua redio, akaipindua, akaangalia chini na nyuma. Akapata mlango wa betri tu.

"Haina," akasema.

Watu wakasikitika sana, wakanywa chai.

"Baba mdogo, lakini si umekubali mbele ya kila mtu!" Kabale alisema.

"Nimekubali. Na Ijumaa ni Ijumaa, mwanangu. Ongeza sauti kidogo, hizo betri zinaisha."

Redio ikarudi nyuma mpaka jioni ya kabla ya mazishi. Ilikuwa Arero, babake Kabale, na pumzi yake fupi ya ugonjwa.

"Abiba, kuna kitu cha hii ploti lazima ujue. Nimemwachia..." Akakohoa sana. "Wacha nipumue. Yaliyobaki nitakuambia kesho."

Kesho yake ndiyo walimzika, na kila mwanamume kwa huo ua alibeba jeneza.

"Piga tupa tena," Abiba alisema, akinyoosha mkono.

Kabale alipiga tupa na kupaka unga mpya Jumanne, Jumatano, na Alhamisi mpaka bangili ikabaki nyembamba kama uzi. Kila mara Arero alifika hapo hapo, akakohoa. Ijumaa mkokoteni ulipakiwa kitanda, sufuria na magunia mawili, kuelekea chumba cha kukodi mtaa wa Chechelesi. Gollo alisaidia kufunga kamba. Redio ilikaa juu kabisa, Abiba akitembea kando yake, sikio karibu.

"Wacha nipumue," Arero alimwambia. "Yaliyobaki nitakuambia kesho."