Bodi ya Pili

Kapasita, kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ilipasuka fundi akiwa ameinama juu ya bodi ya umeme aliyoiunda, na maji yake ya moto yakamwingia machoni. Hospitalini walimsafisha, wakamfunga bandeji, wakamwambia arudi baada ya juma moja. Alipofika nyumbani hakutaka kulala. Alimwita mkewe.

"Niletee ile bodi."

"Baba watoto, hayo yaliyokupata hayatoshi?"

"Nyingine kama hiyo iko saluni kwa dada. Nilimfungia mimi mwenyewe."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Umeme aliujua wa kubonyeza swichi tu. Hata hivyo alivuta kiti. Bodi ilikuwa ya kupunguza umeme wa betri, kutoka volti ishirini na nne hadi tano za kuchajia simu. Chipu ndogo iliiamuru transista, swichi isiyo na kitufe, iwake na kuzima kwa kasi, na kwa kuwa haikukaa imewaka muda mrefu, umeme ulitoka umepungua.

"Weka kapasita mpya, ile kubwa. Waya wa betri upitishe kwenye taa ya gari, kukiwa na hitilafu taa ibebe mzigo."

Alilehemu kama anavyoshona, bila haraka.

"Washa. Mita inasema ngapi?"

"Tano."

"Zima, washa tena."

"Tano. Bodi yako ni nzima, mume wangu."

"Sasa achana na mita. Tazama taa."

Akazima, akawasha.

"Imewaka kali kama ya gari linalokujia usoni. Halafu ikafifia."

Fundi aliinua uso wenye bandeji.

"Chipu ikiamka, kuna kitambo haijaanza kutoa amri," alisema. "Hapo transista haina wa kuizuia, inajiwakia, umeme wote wa betri unapita na kuishukia kapasita. Rezista moja ingeizuia. Niliona haina haja. Na siku ile nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuianzisha upya, tena na tena, uso uko juu yake."

Mkewe alimpigia wifi yake, akampa mumewe simu.

"Dada, chomoa waya za betri sasa hivi."

"Na simu za wateja?"

"Chomoa, dada. Usiiwashe tena. Uso uweke mbali."

Dada alichomoa shingo upande. Jioni mke wa fundi alikwenda saluni na rezista na ile taa ya gari mkobani, akailehemu rezista huku wifi yake amesimama mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mdogo wangu aliniwekea bomu dukani?"

"Yeye limempata, wifi. Wewe umepona."

Wifi alishusha mikono. Walipowasha kupitia taa ya gari, taa haikuwaka kali kama kule nyumbani.

Siku ya kufunguliwa bandeji, daktari alimmulika fundi kwa kurunzi, jicho moja kisha la pili, akamuuliza anaona nini.

"Umeshawasha?" fundi aliuliza.

Daktari alimtazama mkewe, akaizima kurunzi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mkewe alimwongoza kwa mkono. Mlangoni fundi alijitoa mkononi mwa mkewe, akapapasa ukuta akitafuta kitasa. Alikuwa akikitafuta upande wa mlango kisikokuwapo. Mkewe alisimama nyuma yake, akamwacha atafute.