Siku Tuliyokwenda Kumuuza Beki Wetu

Mimi si mtu wa hasira. Waulize wanaonijua hapa Guangzhou, watakwambia Msabaha ananunua viatu soko la Zhanxi mwaka wa kumi na tatu huu na hajapigana na mtu zaidi ya mara mbili. Lakini Jumamosi ile Wahindi wa vitambaa walipotufunga tisa kwa moja, nilivua kofia nikaitupa katikati ya uwanja, na refa akanionyesha kadi ya kijani, ile ya onyo. Mimi, shabiki!

Timu yetu inaitwa Kombaini. Mchezo ni mpira wa magongo, saba kwa saba, kwenye uwanja wa nyasi za bandia tunaoupata Jumamosi asubuhi. Wamo Wakenya waliojifunza magongo shuleni kwao, wamo Wazanzibari wenzangu, na wanafunzi wa chuo wawili watatu. Mimi sichezi tena, goti limekataa, ila ndimi mwenyekiti wa mashabiki, na kwetu mwenyekiti wa mashabiki ana sauti kuliko kocha. Kocha mwenyewe, Yasir, alikuwa kaenda Unguja kuoa. Tulipompigia simu kumpa matokeo alisema, "Fanyeni mnavyoona, mimi nawahi nikahi," akakata.

Basi tukafanya tulivyoona. Alhamisi jioni tulikutana kwa Faudhia, mama wa Kitanga aliyegeuza sebule yake ya ghorofa ya nne kuwa mgahawa. Bango hana, harufu ya pilau inatosha. Nilikuwepo mimi, Faudhia mwenyewe, na Njoki, ajenti wa nguo kutoka Nakuru, ambaye hukumbuka kila goli tulilofungwa na dakika yake.

"Tuanze na kipa," akasema Njoki. "Cyrus hana makosa. Magoli tisa, saba yamepitia kushoto. Kushoto kunakaa nani?"

Tulimjua sote.

"Elinami," akasema Faudhia kwa sauti ya chini, kama anayetaja mgonjwa.

Elinami ni mtu wa Machame, umri wake miaka thelathini na nne, yuko hapa kwa ufadhili anasomea shahada ya uzamivu. Anasomea zege. Na uwanjani anasimama kama kile anachokisomea. Fowadi akija anamwangalia, akipita anamwangalia, akishafunga anampa mkono. Ni mpole mno. Nimewahi kumsikia akimwomba radhi mtu aliyemnyang'anya mpira.

"Yule haendi na mtu," nikasema. "Mzito kugeuka. Umri umekwenda. Anasimama pembeni ya duara la goli anawaangalia wanavyopita kama anahesabu magari. Mimi nilicheza beki miaka minane Unguja, mtu akinipita mara moja siku hiyo silali."

"Aki mzee, difensi yetu ni geti ya plot ya wapangaji," akasema Njoki. "Kila mtu anaingia, hata hasemi hodi."

"Na yeye Jumamosi ndiyo siku yake," Faudhia akasema akigonga upawa kwenye sufuria. "Wiki nzima kule maabara hana wa kusema naye ila ile mashine ya kuvunjia zege. Mke na mtoto anawaona kwenye simu. Aliniambia hapo hapo ulipokaa, kaka Msabaha: Mama, isingekuwa Jumamosi ningeshapanda ndege nikarudi, shahada nikaiacha."

Lilinichoma hilo, sitaki kusema uongo. Mwaka juzi nilipolazwa kwa mawe ya figo, Elinami alikaa nami hospitali siku tatu akinitafsiria kila neno la daktari, mpaka yale ya aibu. Lakini tisa kwa moja nalo lilinichoma, na lilikuwa bichi zaidi.

Njoki akatoa dawa. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa Ijumaa, kesho yake. Bosi Huang, muuza viatu wa Zhanxi aliyecheza magongo utotoni, ana timu yake ya wauza viatu, na ana vijana wawili wa ziada wanaokimbia kama wamefukuzwa. Beki hana.

"Tunampa Elinami, tunachukua wawili," akasema Njoki. "Mmoja kwa wawili. Nani atakataa?"

"Na huko atasema Kiswahili na nani?" Faudhia akauliza.

Nilisema kikao kimefungwa, nikaomba pilau ya kubeba.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Hapa Guangzhou, nikiwa na jambo na Mchina, mkono wenyewe unampigia Elinami. Ndivyo nilivyozoea. Niliwahi kutumia simu kutafsiri nikaletewa katoni arobaini za ndara za watoto badala ya buti, toka siku hiyo simu naipigia watu tu. Basi usiku huo, bila kufikiri, nilimwandikia: "Mwanangu, kesho saa nne Zhanxi, kuna biashara na bosi Huang, njoo unisaidie." Akajibu kama anavyojibu siku zote: "Sawa mzee, nipo."

Asubuhi tunapanda ngazi za kutoka stesheni ya treni za chini, Njoki ananiuliza, "Mzee, nani anatutafsiria?"

"Elinami."

Akasimama katikati ya ngazi, watu wenye mizigo wakatugonga nyuma. "Na tunauza nani?"

Nikahisi jasho chini ya kofia. Nilipoinua macho nilimwona Elinami amesimama mlangoni mwa soko, mrefu kuliko watu wote, ametushikia chai tatu za vikombe vya karatasi.

"Twende hivyo hivyo," nikamnong'oneza Njoki. "Tusitaje jina. Tuseme beki tu."

Duka la bosi Huang ni kichumba chenye viatu mpaka darini. Alitukaribisha kwenye viti vya plastiki, akatumiminia chai nyingine, na tukaanza. Nikamwambia Elinami, "Mwambie tumekuja kubadilishana mchezaji. Tunampa beki mmoja, atupe wale vijana wawili."

Elinami aliniangalia kidogo. Akatafsiri. Bosi Huang akauliza kitu.

"Anauliza beki yupi, mzee. Namba ngapi?"

Njoki aliinua kiatu cha kike akaanza kusoma soli. Mwanamke anayeongea tangu asubuhi mpaka asubuhi, siku hiyo soli ikawa na maandishi marefu.

"Namba nne," nikasema.

Jezi namba nne ni ya Elinami. Aliweka kikombe chini polepole. Nilingoja aondoke, au anitukane, na angenitukana ningeona nafuu. Hakufanya hata moja. Aligeuka kwa bosi Huang akatafsiri, kwa sauti ile ile ambayo miaka yote hii amenitafsiria bei za buti.

Bosi Huang akacheka, akamnyooshea kidole: wewe? Elinami akatikisa kichwa kukubali. Basi bosi akainuka, na mimi nikakumbuka kwa hofu jinsi anavyonunua. Alimzunguka. Akamminya bega. Akamwashiria ainue mguu, akautazama mguu, akamwashiria aushushe. Pale Zhanxi mnunuzi haanzi na bei, anaanza na kuuponda mzigo, ili mwenye mzigo alainike. Mimi mwenyewe nafanya hivyo kila siku, namwambia mtu viatu vyake vinanuka gundi huku moyoni navitaka. Kwa hiyo nilijua kinachokuja. Sikujua tu kitakuja kwa mdomo wa nani.

"Anasema mzigo ni wa zamani," Elinami akatafsiri. "Miaka thelathini na nne ni mingi."

Nikakohoa.

"Anasema ni mzito kugeuka."

"Sawa, sawa."

"Anasema aliutazama Jumamosi. Ulisimama pembeni ya duara ukawaangalia watu wanavyopita."

Yalikuwa maneno yangu yale yale ya Alhamisi, karibu neno kwa neno. Kwa Faudhia yalikuwa matamu. Pale, yakitoka kwa Elinami mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha plastiki magoti yakimfika kifuani, yalinitia aibu kiasi cha kutaka kujificha nyuma ya maboksi.

"Anasema kwa mzigo huu anatoa kijana mmoja, si wawili. Na yule mmoja ana mafua."

Hapo hasira zikanipanda. Labda ni tabia ya biashara, mtu akiuponda mzigo wangu siwezi kunyamaza. Labda si hiyo.

"Mwambie hajui kununua!" nikasema. "Mwambie huyu hajakosa mazoezi hata siku moja. Mwambie mvua ya mwezi wa tano, ilipofurika mpaka barabarani, alikuwa peke yake uwanjani anatungoja na gongo mkononi. Mwambie mechi ya Wapakistani alivunjika kidole dakika ya tatu akamaliza mchezo bila kutuambia, tulijua Jumatatu!"

Elinami alitafsiri. Masikio yalianza kumwiva.

"Mwambie kipa wetu alipofiwa na mama yake, nani alikwenda kulala kwake wiki nzima? Mwambie mimi hapa nilikuwa nakufa kwa mawe ya figo, huyu alikaa kitandani kwangu siku tatu, ana mtihani, na hakunitajia mtihani!"

Elinami akasita. "Mzee, na la hospitali nitafsiri?"

"Tafsiri!"

Akatafsiri, kwa sauti ya chini. Bosi Huang alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, kisha akauliza neno fupi. Elinami alinigeukia akanitazama usoni.

"Anauliza, kama ni hivyo mbona mnamuuza?"

Njoki aliacha kusoma soli.

"Hilo anauliza yeye," akasema Elinami. "Na mimi vilevile, mzee."

Nilimwangalia yule mtu wa watu, chai aliyotununulia bado iko mkononi mwangu, na nikajiona mtu wa hovyo. Nikasimama.

"Mwambie hauzwi," nikasema. "Mwambie tumeghairi. Nisamehe, mwanangu."

"Aki pole, Daktari," Njoki akamwambia Elinami. "Ni mimi nilianzisha."

Elinami alimwambia bosi Huang maneno mawili matatu, tukatoka.

Sasa, kila anayenunua Zhanxi anajua namna ya kuondoka dukani. Unaondoka polepole. Unapita duka la kwanza, la pili, na kabla hujafika la tatu muuzaji anakuita na bei mpya. Miguu yangu ilitembea hivyo hivyo kwa mazoea ingawa sikuwa nangoja kitu. Tulipolifikia duka la tatu, sauti ya bosi Huang ikatufuata kwa nyuma, juu ya kelele za mikokoteni.

"Bu yao! Bu yao!"

Elinami akasimama. Aligeuka akamtazama bosi Huang, aliyekuwa mlangoni anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akatugeukia, na uso wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Anasema anatoa wote wawili," akasema. "Na wa tatu juu yake. Na kipa."

Mimi Kichina sijui. Lakini hakuna mfanyabiashara wa Kiswahili katika mji huu asiyejua bu yao. Ndilo neno la kwanza tunalojifunza tukishuka uwanja wa ndege, kabla hata ya maji na choo. Nimelisema mimi mara elfu na nimeambiwa mara elfu mbili. Maana yake sitaki.

Njoki naye analijua. Nikamwona anafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Watatu na kipa?" nikauliza.

"Watatu na kipa," akasema Elinami. Alinitazama macho makavu, ila kidevu kilikuwa kinamtetemeka kidogo.

"Mwambie hata akitoa timu nzima na duka lake la viatu. Namba nne hauzwi!"

Elinami akaweka viganja mdomoni akapiga kelele kitu kirefu kwa Kichina, soko zima likageuka. Bosi Huang akabaki ameduwaa na kikombe chake. Mpaka leo sijui alimwambia nini, na siulizi.

Jumamosi tulifungwa sita, ambayo kwetu ni nafuu. Manne yalipitia kushoto. Baadaye kwa Faudhia, Elinami alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, anasimulia mkasa wa Zhanxi, na hata Cyrus aliyefungwa sita alikuwa anacheka. Faudhia akaniinamia na sahani.

"Kaka Msabaha, wewe ulikuwepo. Ni kweli bosi Huang alitaka kutoa watatu na kipa kwa ajili ya Elinami wetu?"

Elinami aliinamia pilau yake, kijiko kimesimama hewani.

"Si kweli," nikasema. "Watatu ilikuwa tukiwa duka la tatu. Tulipofika kwenye ngazi alimtaja na wa nne."